Tamthilia za wafalme za Shakespeare: tuanze na ipi hapa Moshi?

Msomaji wa Soweto (Moshi)

Wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu masika yaliyopita, mvua iliponifungia ndani nikatazama, usiku baada ya usiku, filamu za The Hollow Crown ambazo BBC ilizitoa kwa awamu mbili, ya kwanza mwaka 2012 na ya pili mwaka 2016. Kabla ya hapo Shakespeare niliyemfahamu alikuwa yule wa Mwalimu Nyerere, wa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, pamoja na Makbeth iliyotafsiriwa na S. S. Mushi, ambayo nakala yake niliyorithi kwa marehemu baba ilikuwa imeshatafunwa na mchwa pembeni. Sikujua kwamba mtu huyohuyo aliandika tamthilia kumi juu ya wafalme wa Uingereza, wala kwamba nane kati ya hizo zimetungwa kama shanga katika uzi mmoja, kuanzia Richard wa Pili anayevuliwa taji mwaka 1399 hadi Richard wa Tatu anayeuawa vitani Bosworth mwaka 1485.

Kilichoniteka si mapanga wala farasi, bali kesi ya mirathi. Katika Richard wa Pili mzee John wa Gaunt anafariki, na maiti haijapoa mfalme anatwaa mali yake yote ili agharamie vita vya Ireland, ilhali mrithi halali, Bolingbroke, yuko uhamishoni kwa amri ya mfalme huyohuyo. Baba yao mdogo, York, anamwonya mfalme kwa hoja ambayo ningependa iandikwe kwenye kuta za mabaraza yetu ya ardhi: ukimnyima mwenzako urithi wake, wewe ufalme wako umeupata kwa njia gani isipokuwa kwa kurithi? Mtu aliyekulia mlimani akaona ndugu wakigombania kihamba, yaani shamba la ukoo, kabla ya matanga kuanuliwa hahitaji tanbihi ya kumweleza Bolingbroke anarudi kufanya nini. Anarudi kudai shamba la baba yake. Kwamba anaishia kuchukua nchi nzima, hilo ni jambo jingine, na ndilo linaloleta balaa la tamthilia saba zinazofuata.

Kisha kuna lile onesho la kukabidhi taji, ambapo Richard, anayeigizwa na Ben Whishaw, analishika upande mmoja na kumwambia mwenzake alishike upande wa pili, akalifananisha na kisima chenye ndoo mbili, moja ikipanda huku nyingine ikishuka imejaa maji, na iliyojaa ni yeye na machozi yake. Nililirudia mara nne. Baadaye nilisoma kwamba tamthilia hii ilipochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1597 sehemu hiyo haikuwamo, na kwamba ilionekana katika chapa mwaka 1608, Malkia Elizabeth akiwa amekwisha kufariki. Mwaka 1601 wafuasi wa mtemi wa Essex waliwalipa waigizaji ili waionyeshe Richard wa Pili siku moja kabla ya jaribio lao la uasi mjini London, na tangu nilijue hilo siwezi tena kuitazama kama hadithi ya zamani tu.

Sasa swali langu. Kikundi chetu cha kusoma kina watu tisa, wengi wao walimu, pamoja na fundi cherehani mmoja ambaye ndiye tegemeo letu kwa maleba. Tunataka kuigiza mojawapo ya tamthilia hizi kwa Kiswahili katika ukumbi wa parokia, mbele ya watu ambao hawajapata kusikia habari za York wala Lancaster, zile koo mbili zilizogombania taji. Mimi nashikilia Henry wa Nne, sehemu ya kwanza. Wenzangu watano wanataka Richard wa Tatu. Je, ni ipi itakayoeleweka bila darasa la historia, na ni filamu zipi tuzitazame kwanza kwa pamoja?

Njiro Jukwaani (Arusha)

Ndugu Msomaji, hongera kwa kupatwa na ugonjwa huu, maana hauna dawa. Mimi nasimama na hao wenzako watano, ingawa kwa sharti nitakalolitaja.

Richard wa Tatu ina kitu ambacho mtazamaji mgeni anakihitaji kuliko ujuzi wa historia: mtu wa kumshika mkono. Pazia halijatulia, Richard anatoka peke yake na kutueleza atakachokifanya, halafu anakwenda kukifanya, halafu anarudi kutuuliza kama tumeona. Anatufanya washirika wake. Kwetu sisi tuliolelewa na hadithi za Sungura jambo hili si geni hata kidogo. Tunamcheka mjanja na kumshangilia mpaka tunapogundua kwamba waliouawa safari hii ni watoto wawili waliofungiwa mnarani. Ukumbi mzima unanyamaza, na aibu ile ni ya watazamaji.

Mtazame filamu ya mwaka 1995 ambamo Ian McKellen ndiye Richard na Uingereza yote imehamishiwa miaka ya 1930, yenye sare nyeusi, mabango na magari ya kijeshi. Hotuba ya kwanza, ile maarufu ya majira ya baridi yaliyogeuka kiangazi, anaianza kwa kipaza sauti mbele ya wageni waalikwa, kisha anaimalizia msalani akiwa anajisaidia, akijitazama katika kioo mpaka anapotuona sisi. Na mwishoni, anapopiga kelele kwamba atatoa ufalme wake kwa farasi mmoja, gari lake limenasa, magurudumu yanazunguka pale pale. Mtu yeyote aliyewahi kukwama barabara ya vumbi wakati wa masika ataielewa tafsiri hiyo bila kuelezwa.

Sharti langu ni hili: msimwondoe Malkia Margaret. Laurence Olivier alimwondoa katika filamu yake ya mwaka 1955, na hata hiyo ya McKellen imemwondoa, kwa sababu anatoka katika tamthilia tatu za Henry wa Sita na waongozaji huogopa kwamba hakuna atakayemkumbuka. Margaret ndiye mhusika pekee anayeonekana akiwa hai katika zote nne. Ameingia akiwa binti mateka, ameolewa na mfalme, ameongoza jeshi, amemvika adui yake taji la karatasi kabla ya kumuua, kisha amefiwa na mume na mwana, na sasa anazunguka katika jumba la maadui zake akiwalaani mmoja mmoja. Laana hizo zinatimia kwa zamu. Margaret wa kweli hakuwapo Uingereza wakati huo, na mwaka 1483 mchezo unapofikia kilele chake alikuwa amekwisha kufa huko Ufaransa mwaka mmoja kabla. Shakespeare alimrudisha kwa makusudi. Awamu ya 2016 ya The Hollow Crown imembakiza, na Sophie Okonedo anamwigiza tangu ujana mpaka uzee huo wa laana. Bila yeye Richard ni jambazi aliyechangamka tu. Akiwapo, ni deni linalolipwa, na nyanya yeyote wa Machame atalitambua.

Bibi Mtazamaji (Moshi, zamani Marangu)

Wanangu, salaam zenu. Nimefundisha fasihi miaka thelathini na moja na sasa nimestaafu, kwa hiyo nina muda wa kubishana. Namheshimu huyu wa Njiro na hoja yake juu ya Margaret ni ya kweli, lakini ninyi mko tisa na mna ukumbi wa parokia, si jeshi la vizuka kumi na mmoja watakaomtokea Richard usiku wa mwisho. Chukueni Henry wa Nne.

Sababu yangu ya kwanza ni baba na mwana. Bolingbroke aliyepora taji sasa ni Mfalme Henry, usingizi haumjii, na mwanawe wa kwanza, Hal, anashinda kilabuni akinywa na wezi. Mfalme anafikia kutamani kwamba majini ya usiku yangekuwa yamembadilishia mtoto kitandani, ili kijana shujaa Hotspur awe wake na huyu mlevi awe wa jirani. Nani kati yetu hajamsikia mzazi akimsifia mtoto wa jirani mbele ya wa kwake? Katika historia Hotspur alizaliwa mwaka 1364 na Hal mwaka 1386, yaani angeweza kuwa baba yake, lakini mwandishi amewafanya marika ili kidonda hicho cha kulinganishwa kiweze kutoka damu. Anapobadili historia namna hiyo, tazameni kila mara anapata nini. Hapati kitu cha bure.

Sababu ya pili ni Sir John Falstaff, yule mzee anayekunywa na Hal kilabuni, na hapa nitakaa kidogo, mnisamehe. Watu humwona kama mlevi mnene wa kuchekesha. Ni kweli anachekesha. Wakimsachi mfukoni akiwa amelala wanakuta hesabu ya kilabu yenye mvinyo galoni mbili na mkate wa nusu peni. Lakini sikilizeni anachokifanya vita vinapokuja. Anapewa kazi ya kukusanya askari, anawaita wenye mali, waoga na wanaokaribia kuoa, anapokea fedha zao na kuwaachia, halafu anaijaza orodha kwa mafukara wasio na hata shati. Anakiri mwenyewe, peke yake jukwaani, kwamba kwa askari 150 amepata zaidi ya pauni 300. Hal anapowaona na kusema ni watu wa kuhurumiwa, Falstaff anajibu kwamba watajaza shimo la kaburi sawasawa na walio bora. Ukumbi utakuwa umemcheka kwa saa nzima kabla ya kufika hapo. Kicheko hicho kinavyokwama kooni hakipungui lolote kwa kile cha watoto wa mnarani, na mimi nakiona kizito zaidi, maana hakuna mtu ukumbini ambaye hajawahi kumjua Falstaff mmoja mwenye mhuri na daftari.

Kwa filamu, tafuteni Chimes at Midnight ya Orson Welles, ya mwaka 1965, aliyoipiga Hispania kwa fedha za kuungaunga. Yeye ni Falstaff na John Gielgud ni mfalme. Vita vya Shrewsbury, ambako mfalme anapambana na Hotspur aliyeasi, vinaanza kwa farasi na bendera na kuishia kwa watu wanaopigana katika matope kama nguruwe, hujui nani ni wa upande gani, huku Falstaff katika deraya lake akikimbia huku na huko kama birika lenye miguu. Mkimaliza hiyo, rudini kwenye The Hollow Crown muone jinsi Simon Russell Beale anavyomfanya Falstaff mtu mwenye huzuni, jambo ambalo mimi sikulipenda mara ya kwanza na mara ya tatu nililipenda.

Na msihangaike kuhusu idadi ya wanaume. Mwaka 2014 pale Donmar Warehouse, London, Phyllida Lloyd aliongoza Henry wa Nne yenye wanawake watupu, mandhari ikiwa gereza la wanawake, na Harriet Walter akawa mfalme. Fiona Shaw aliigiza Richard wa Pili mwaka 1995. Fundi wenu cherehani akiwa mwanamke mwenye sauti, mpeni Hotspur.

Mfasiri wa Sakina (Arusha)

Shikamoo Bibi, na wengine habari zenu. Naingia kwa upande wa lugha, kwa kuwa Ndugu Msomaji amesema wataigiza kwa Kiswahili, na nadhani hilo ndilo litakaloamua kesi hii kuliko York na Lancaster.

Karibu nusu ya Henry wa Nne, sehemu ya kwanza, ni nathari. Ikulu inasema kwa mashairi, kilabu kinasema kwa maneno ya kawaida, na Hal anazijua lugha zote mbili. Uwezo huo ndio utakaomfanya mfalme. Richard wa Pili, kwa upande mwingine, ni mashairi mwanzo hadi mwisho, hata mtunza bustani anasema kwa mizani. Mwalimu Nyerere alipomtafsiri Kaizari alichapisha tafsiri yake mwaka 1963 na kuirekebisha upya mwaka 1969, na alifuata mashairi huru yasiyo na vina, akiutanua mstari kiasi cha Kiswahili kinavyohitaji. Nawashauri mfuate njia hiyo kwa ikulu. Msijaribu vina vya kati na vya mwisho, maana mfalme asiyepata usingizi ataonekana anaghani kwenye harusi. Kwa kilabu, acheni Kiswahili cha mitaa ya Majengo na Pasua kiingie, lakini kiwe kimeandikwa na kupimwa, si cha kubahatisha jukwaani.

Kuna mahali nimekwama kwa miaka na naomba mnisaidie. Mwishoni mwa sehemu ya pili, Hal akiwa ametoka kutawazwa, Falstaff anapenya kwenye umati akimwita kijana wangu mtamu, na mfalme mpya anamjibu kwamba hamjui, akimwita mzee. Kwa Kiingereza neno hilo ni kofi. Kwetu, ukisema “Mzee, sikujui,” umemkana na kumwamkia kwa pamoja, na kofi limegeuka kuwa mkono wa salamu. Nilijaribu “kizee”, likanipeleka kwa bibi mchawi. Sasa hivi nimeng'ang'ania “Sikujui, kikongwe,” kwa sababu ya ile ki- inayomsinyaza mtu mnene kuliko wote jukwaani kwa silabi moja. Kama mtaigiza sehemu ya kwanza peke yake, fikirieni kuliongeza onesho hilo mwishoni, kama Welles alivyoziunganisha sehemu zote mbili. Bila hilo watazamaji watakwenda nyumbani wakidhani urafiki ule ulidumu.

Jambo jingine ambalo linanifurahisha mno. Waasi, Hotspur akiwa mmoja wao, wanakutana Wales, wanatandaza ramani na kuigawa nchi vipande vitatu kabla hawajaishinda. Hotspur anaona mto Trent unapinda na kummegea ardhi nzuri, anakasirika, na anaapa kwamba ataziba mto na kuchimba mkondo mpya ulionyooka. Glendower, kiongozi wa Wales na mwenzake katika uasi, anamkatalia. Watu wazima wanagombania mfereji wa shamba ambalo bado si lao! Mlimani kwenu, ambako mfereji una wenyewe, una zamu na una kesi zake, onesho hili halihitaji neno la kuongeza. Mara tu baada ya hapo binti wa Glendower anaingia, na hajui lugha yoyote isipokuwa Kiwelisi, wala mumewe hajui Kiwelisi, kwa hiyo baba mkwe anawatafsiria mapenzi. Shakespeare hakuandika hata neno moja la maneno ya yule binti. Ameagiza tu kwamba aseme Kiwelisi na aimbe Kiwelisi. Nafasi hiyo ameiacha wazi. Mwekeni dada wa Rombo aseme Kirombo chake na aimbe wimbo wa kwao, na hamtakuwa mmemsaliti mwandishi.

Na kwa anayedhani Falstaff hawezi kusema lugha yetu: mwaka 2012, ukumbi wa Globe ulipoalika tamthilia 37 kwa lugha 37, kundi kutoka Kenya lilionyesha kwa Kiswahili ile ya wake wachangamfu wa Windsor, ambayo Falstaff huyuhuyu ndiye anayetupwa mtoni pamoja na nguo chafu. Basi amekwisha kusema Kiswahili London. Safari ya kufika Moshi ni fupi zaidi.

Kahawa Chungu (Old Moshi)

Nimesoma yote na nakubaliana na mengi, ila nauliza: kwa nini tusiwahamishe wafalme hawa kabisa waje huku kwetu? Tuna mamangi, yaani watawala wa Kichaga, Rindi wa Moshi na Sina wa Kibosho waliokuwa mahasimu, hata Wajerumani walipoishambulia Kibosho mwaka 1891 Rindi alikuwa upande wao. Tuna Mangi Meli, mwana wa Rindi, ambaye wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani mwaka 1892, wakarudi mwaka uliofuata kwa nguvu kubwa zaidi wakamshinda, na tarehe 2 Machi 1900, baada ya fitina za watawala wenzake kumfikia Mjerumani, akanyongwa hapa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Taji, fitina, baba mwenye hila na mwana mpiganaji, yote yapo. Mpeni Hal jina la Meli, mvinyo uwe mbege, pombe yetu ya ndizi, na kilabu kiwe kilabu. Siku hizi mangi imebaki kuwa jina la mwenye duka la mtaani. Jukwaa lingeweza kulirudishia uzito wake.

Nimewaza pia juu ya mifupa. Richard wa Tatu alilala kaburini zaidi ya miaka mia tano, akafukuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, uti wa mgongo umepinda kweli ingawa si kwa kiasi kile cha jukwaani, wakampima kwa vinasaba vya watu wa ukoo wa dada yake, na mwaka 2015 wakamzika upya katika kanisa kuu la mji huo. Fuvu la Meli ukoo wake bado unalitafuta Ujerumani. Ninapomtazama Richard akizikwa kwa heshima ile, siwezi kuitazama kama Mwingereza anavyoitazama.

Bibi Mtazamaji (Moshi, zamani Marangu)

Mwanangu Kahawa Chungu, maneno yako ya mwisho yamenigusa, na kwa sababu hiyohiyo nakukatalia ya mwanzo. Meli asivishwe nguo za Hal. Hal aliishinda Ufaransa na akafa akiwa mfalme; Meli alinyongwa na wageni. Ukiwalazimisha wafanane utalazimika ama kumpunguza Meli ama kuwasingizia Waingereza. Ebrahim Hussein alipotaka kuandika juu ya Maji Maji hakumhamisha mtu yeyote kutoka kwa Shakespeare. Aliandika Kinjeketile, ikatoka mwaka 1969, na mtu wake anabeba mzigo wake mwenyewe. Kaa chini uandike ya Meli. Nitakusahihishia bila malipo, ila kalamu yangu ni nyekundu bado.

Kuhusu mbege, nakataa pia, na hapa najua vijana mtaniona mgumu. Falstaff anaisifu ile mvinyo ya Hispania kwa hotuba nzima, kwamba inapanda kichwani na kukausha upumbavu, kwa sababu ni kitu cha kununua, kimetoka mbali, na yeye hana fedha. Mbege inapikwa nyumbani na kunywewa kwa kata moja inayozungushwa kwa wazee. Mtu anayekunywa mbege ya watu bila kulipa si tapeli, ni mgeni. Mvinyo ubaki mvinyo.

Njiro Jukwaani (Arusha)

Bibi, shikamoo. Nimeshindwa kwa hoja ya mfereji na ya Kirombo, wala si kwa ile ya vizuka, maana vizuka kumi na mmoja naweza kuwaigiza kwa shuka tatu. Richard wangu atasubiri.

Nina ombi moja la kiufundi kwa Ndugu Msomaji. Vita vya Shrewsbury msivifanye kwa panga za mbao na kelele. Tazameni filamu mbili za Henry wa Tano, ambamo Hal ndiye mfalme, ya Olivier ya mwaka 1944 na ya Kenneth Branagh ya mwaka 1989, kwa ajili ya kulinganisha tu. Ya kwanza ilipigwa wakati wa vita kuu, imewekwa wakfu kwa makomando na askari wa angani wa Uingereza, mbingu yake ni ya buluu na vitisho vya mfalme mbele ya lango la mji wa Harfleur vimefutwa. Ya pili ni mvua na tope, na mfalme analia akimtazama Bardolph, rafiki yake wa kilabuni, akinyongwa kwa amri yake mwenyewe. Maneno ni yaleyale, mfalme ni yuleyule. Kisha kumbukeni kwamba tamthilia hiyo inafunguliwa na msimulizi anayeomba radhi kwamba jukwaa lake ni dogo, na kuwasihi watazamaji wanaposikia habari za farasi wawaone kwa akili zao. Yeye alikuwa London mwaka 1599 na aliomba radhi. Ninyi mkiwa parokiani na ngoma mbili mna haki ya kuomba pia.

Msomaji wa Soweto (Moshi)

Nawashukuru nyote, na Bibi, shikamoo. Jana jioni tulikutana, nikasoma majibu yenu kwa sauti, tukapiga kura upya. Henry wa Nne imepata kura saba dhidi ya mbili, na mmoja wa wale wawili amekubali kuwa Hotspur kwa masharti kwamba atakufa polepole. Fundi cherehani ndiye Falstaff. Hakuombwa, alisimama, akajifunga mto tumboni kwa kanga, akaketi juu ya meza na kuweka mwingine kichwani badala ya taji, kama ilivyo katika lile onesho la kilabuni ambapo wanajifanya mfalme na mwanawe, na hakuna aliyekuwa na la kusema. Mwalimu wa hisabati aliyekuwa akisoma Hal alipofika pale ambapo Falstaff anamsihi asimfukuze, kwamba kumfukuza yeye ni kuifukuza dunia nzima, alijibu kwa Kiswahili cha Mfasiri wetu, “Namfukuza. Nitamfukuza,” kwa sauti ndogo sana, tukasikia bodaboda zikipita nje.

Tutaliongeza onesho la kutawazwa mwishoni. Mfasiri, “kikongwe” limepita bila kupingwa. Kahawa Chungu, tunakuhitaji kwa ngoma, na ukija njoo na kurasa zako za Meli. Sasa tunatafuta ramani kubwa ya karatasi ambayo waasi wataigawa, na tumebishana hadi saa nne usiku kama mkato wa mto Trent uchorwe kwa kalamu au kwa uzi mwekundu. Mwenye maoni juu ya hilo aandike kabla ya Jumamosi.